Jambo Ambalo Kila Mtu Analijua

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu sanaa na mazingira, na yanaanzia Lamu. Septemba 2018, katika kisiwa hicho ambacho mafundi wake wameunda majahazi kwa karne nyingi, ilishushwa majini mashua ya urefu wa mita 9 hivi isiyofanana na chombo kingine chochote bandarini. Mkuku wake, mataruma yake na mbao zake za ubavuni vilikuwa plastiki tupu: takataka zilizookotwa, zikayeyushwa, zikamiminwa kwenye kalibu, kisha zikachongwa na kuungwa na mafundi chini ya Ali Skanda kwa utaratibu ule ule wa kuunda chombo cha mti. Kwa nje ikavikwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000, nyekundu, buluu, njano na kijani, zilizokusanywa fukweni. Wakaiita Flipflopi. Mwanzoni mwa 2019 ikatweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi, ikitia nanga katika miji na vijiji vya njiani; na mwaka 2021 ikapelekwa Ziwa Viktoria, ikapita pwani za Kenya, Uganda na Tanzania.

Mtu wa mizani atauliza swali la haki kabisa: imepunguza nini? Chombo kile kilimeza tani chache tu za plastiki, na watafiti wanakadiria plastiki inayoingia baharini duniani kila mwaka kwa mamilioni ya tani. Kwa hesabu hiyo, Flipflopi ni kikombe kimoja cha maji kilichochotwa baharini. Mkataba wa mataifa, kiwanda cha kurejeleza taka, au gari la taka linalopita mtaani bila kukosa siku, vyote vitafanya zaidi ya mashua elfu za namna hiyo. Hayo nayakubali. Ila nadhani anayeuliza hivyo anaipima kwa kipimo kisicho chake. Mashua ile haikuundwa iwe dampo. Iliundwa ionekane, na kazi ya kuonekana ina uzito wake, ambao tunao ushahidi wa kutosha kuupima. Hoja yangu leo ni kwamba sanaa haiwavuti watu kwenye ulinzi wa mazingira kwa kuwafundisha wasichokijua. Inawavuta kwa kuwaonyesha kwamba lile wanalolijua kila mmoja peke yake, wenzao nao wanalijua.

Tuangalie kwanza hiki kinachoitwa elimu kwa umma. Kampeni nyingi za mazingira katika nchi zetu zimejengwa juu ya dhana kwamba watu wanaharibu kwa sababu hawajui. Basi hutengenezwa mabango, vipeperushi na fulana zenye maandishi, na mgeni rasmi anasoma hotuba. Lakini mama anayewasha jiko la mkaa Tandale au Kibera hangoji kuambiwa kwamba miti inakwisha. Habari hiyo anaisoma kwenye bei ya kopo. Mvuvi wa kokoro anajua kuliko mtaalamu yeyote ni samaki wa ukubwa gani wanaoingia wavuni mwaka huu, na walikuwa wa ukubwa gani zamani za baba yake. Mwenye duka anaona mtaro ulioziba mbele ya mlango wake kila mvua ikinyesha. Ujuzi upo tele. Kinachokosekana ni kingine. Kila mmoja akitazama kushoto na kulia anawaona wenzake wanaendelea na shughuli zao kana kwamba hakuna jambo, naye anahitimisha kuwa anayeumia ni yeye peke yake. Na akiamini hivyo, kujinyima kwake ni hasara tupu: asipovua yeye, atavua jirani, asipoukata mti ule, kesho ataukuta gogo. Huyu mtu si mjinga wala si mkaidi. Anafanya hesabu sahihi kwa kutumia taarifa pungufu, na taarifa inayopungua inahusu watu, haihusu miti.

Kwamba sanaa inaweza kuijaza taarifa hiyo, ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua unatoka Rwanda. Mwaka 2004 ulianza kurushwa huko mchezo wa redio uitwao Musekeweya, yaani mapambazuko mapya, unaosimulia vijiji viwili vya kubuni vilivyogeukiana kwa sababu ya uhaba wa ardhi. Lengo lake lilikuwa upatanisho baada ya mauaji ya kimbari. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, alifuatilia kwa takriban mwaka mzima makundi ya wasikilizaji: baadhi walisikiliza mchezo huo, wengine wakasikiliza mchezo mwingine uliohusu afya, ili pawe na kulinganisha. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yaliwashangaza wengi. Imani za watu binafsi, yale mtu anayoyashikilia moyoni mwake, hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna walivyoyaona mazoea ya jamii: nini kinakubalika, nini watu wa kwetu wangefanya, nani anaweza kusema wazi kwamba hakubaliani. Na walipobadilika katika hilo, mwenendo wao nao ukabadilika. Mwishoni kila kundi liliachiwa redio na kanda za mchezo, mali ya wote, likatakiwa kuamua lenyewe vitu hivyo vitunzwe vipi. Makundi ya mchezo wa afya yalielekea kuafikiana upesi kwamba kiongozi wa mahali pale ndiye avishike. Makundi ya Musekeweya yalijadiliana zaidi, watu wakathubutu kupingana, na wakaelekea kuvitunza wenyewe kwa pamoja.

Naomba tutulie hapo kidogo. Redio moja, betri zake na kanda zake, vikiwa mikononi mwa watu wengi wanaopaswa kukubaliana nani atatumia lini na nani atalipia kilichokwisha, ni mfano mdogo wa msitu wa kijiji. Ni mfano wa kisima, wa malisho, wa mwamba wa samaki. Karibu kila tatizo la mazingira tulilonalo ni tatizo la mali ya wote isiyo na msemaji. Mchezo ule haukusema neno juu ya namna ya kutunza redio. Ulichowapa wasikilizaji ni mazoea ya kuwasikia watu kama wao wakibishana hadharani na dunia isianguke, nao wakayachukua mazoea hayo wakayatumia kwenye jambo ambalo mtunzi hakulifikiria.

Tanzania nayo ina jaribio lake, tena la mapema zaidi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na wengi wa rika fulani bado wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu. Kwa miaka miwili ya mwanzo mtambo wa Dodoma haukuurusha. Eneo hilo liliachwa makusudi kwa ajili ya kulinganisha. Watafiti walikuta kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi kule mchezo uliposikika, na Dodoma nayo ilipofunguliwa mwaka 1995, mabadiliko yakaonekana huko pia. Mtu anaweza kusema kwamba uzazi si mazingira, na ni kweli. Lakini yanafanana katika jambo moja kubwa. Yote mawili ni maamuzi yanayofanyika nyumbani, kimya kimya, huku mwamuzi akitupia jicho mlango wa jirani. Watu walimsikia Mkwaju jioni, kisha wakamjadili asubuhi kisimani, kijiweni na ndani ya daladala. Mjadala ule ndio uliofanya kazi. Mchezo uliwapa watu mtu wa kumsema, na kwa kumsema yeye wakajuana misimamo bila yeyote kuanikwa.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo watu wa serikali hulitoa kwanza: sheria inatosha, sanaa ni pambo. Kenya inatoa jibu. Mwaka 2007, na tena mwaka 2011, nchi hiyo ilijaribu kudhibiti mifuko ya plastiki, ile ambayo Nairobi huiita karatasi au juala na Dar es Salaam tuliita rambo. Mara zote mbili jitihada zilififia. Wenye viwanda walipinga, wachuuzi hawakujali, na wananchi walilitazama kama shauri la ofisini. Kisha mpiga picha wa Nakuru, James Wakibia, akaanza kupiga picha za mifuko hiyo kwenye jaa la Gioto na kandokando ya barabara za mji wake, akazisambaza mitandaoni na kuwaita watu waunge mkono marufuku. Zile hazikuwa picha za tembo wala za machweo ya jua. Mtu wa Nakuru aliona barabara anayopita kila siku, ila imewekewa fremu, na maelfu ya wengine wakiitazama pamoja naye. Kampeni ikakua hadi ikapata uungaji mkono wa wizara ya mazingira, na tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ikaanza kutumika, ikiwa na adhabu ya faini hadi shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania Bara ikafuata Juni 1, 2019. Rwanda ilikwisha kutangulia mwaka 2008.

Sidai kwamba picha ndizo zilizoitunga sheria. Sheria ina wazazi wengi: wanasheria, wanasayansi, mawaziri wenye ujasiri, mfano wa jirani aliyetangulia. Ninachodai ni kwamba sheria inayokuta umma umekwisha kuona hupita njia tofauti na sheria inayoushukia umma kama mvua ya ghafla. Askari hawezi kusimama nyuma ya kila muuza mboga. Anayemwambia muuza mboga, kaka, mifuko hii imekatazwa, ni mteja wake, naye hatathubutu kusema mpaka awe na hakika kwamba watu wa foleni nyuma yake wako upande wake. Hakika hiyo hailetwi na Gazeti la Serikali.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi, kwa sababu linatoka kwa wasanii wenyewe. Wanasema sanaa ya mazingira imekuwa sanaa ya mradi: fedha zinakuja na ujumbe uliokwisha kuandikwa, bendi inalipwa, kwaya inaimba tutunze mazingira tutunze mazingira, picha zinapigwa kwa ajili ya ripoti, na mwezi unaofuata hakuna anayekumbuka hata kibwagizo. Haya yanatokea, na mara nyingi. Lakini tuchunguze ni kitu gani hasa kinachoufisha wimbo wa mradi. Si fedha, maana baadhi ya mashairi makubwa ya pwani yetu yalitungwa kwa kuombwa na wenye uwezo. Kinachoufisha ni kwamba haumsikilizi mpinzani. Mshairi Mathias Mnyampala alipoikuza ngonjera katika miaka ya 1960, umbo lenyewe lilidai sauti mbili: mmoja anauliza, anabisha, anakejeli, mwenzake anajibu. Ni kweli kwamba ngonjera nyingi za kisiasa zilikuwa na mshindi aliyekwisha kuamuliwa kabla ya ubeti wa kwanza, na wasikilizaji walilijua hilo. Hata hivyo, umbo lilimwachia mbishi nafasi ya kusimama jukwaani na kusema lililo midomoni mwa watu. Mchoma mkaa aliyepewa beti zake kamili, zenye njaa yake, ada za shule na deni la dukani, atasikilizwa na wachoma mkaa wote. Na jibu atakalopewa litabidi liwe jibu kweli, kwa sababu atakuwa pale kulipima. Kwaya isiyo na mbishi inaimbia waliokwisha kukubali.

Kuna pia mafumbo. Mila yetu ya sanaa haipendi kumwambia mtu jambo usoni. Kanga husema na jirani bila kumtaja. Taarabu humfikia mhusika akiwa ameketi kati ya watu mia, na ni yeye peke yake anayejua kwamba wimbo ni wake. Bango la mradi limeitupa akiba hiyo yote. Linaamrisha kwa lugha ya kengele ya shule, tena kwa watu wazima waliokulia kwenye mafumbo. Mwandishi wa kampeni anayetaka kusikilizwa Tanga au Pemba angefanya vyema kukaa mwaka mmoja na watunzi wa majina ya kanga kabla hajaandika sentensi yake ya kwanza.

Wengine wataniambia kwamba hayo yote ni hisia, na hisia hupoa. Ndiyo, hupoa, zisipopata kazi ya mikono. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: vipindi vya redio vilivyosikilizwa katika vikundi, watu wapatao milioni 2 nchi nzima, kila kikundi kikiwa na kiongozi na kitabu. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakatoka nje wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Urefu wa njia kati ya sauti na jembe ulikuwa siku chache. Ule ulikuwa wakati wa chama kimoja, na shinikizo la kisiasa lilikuwepo; hatuwezi kulirudisha wala hatupaswi kulitamani. Mpangilio wa kampeni ile, hata hivyo, unabaki kuwa sahihi. Onyesho linalokwisha bila kumwambia mtu Jumamosi akutane na nani, wapi, akiwa na nini mkononi, linamwachia huzuni tu, na huzuni isiyo na kazi hugeuka mazoea.

Hapo linaingia pingamizi zito kuliko yote, na sitalipunguza uzito. Maskini hana la kuchagua. Familia inayonunua mkaa kwa kopo haiwezi kununua mtungi wa gesi kwa sababu imeguswa na igizo. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo hilo litatimia au litakwama kwenye bei ya kujaza mtungi, kwenye mikopo midogo, kwenye umeme wa vijijini. Sanaa haiwezi kushika nafasi ya mambo hayo, na msanii anayemwimbia mama maskini aache mkaa bila kumwonyesha atapikia nini anamdhulumu. Lakini pingamizi hili likifuatwa mpaka mwisho linamwelekeza msanii kwingine, halimfukuzi. Kama mzigo uko kwenye bei, basi hadhira yake ni wanaopanga bei. Mwanaharakati wa Kenya, Wangari Maathai, alilielewa hilo mapema. Alipanda miti na wanawake wa vijijini tangu 1977, lakini mwaka 1989, serikali ilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, hakuwageukia wanawake wale kuwaambia watunze bustani. Aliwageukia wakubwa, kwa barua na kwa sauti iliyofika hadi kwa wafadhili wa ng’ambo, na jengo halikujengwa. Igizo linalomweka jukwaani ofisa anayetoa kibali cha kukata msitu, likachezwa mbele ya wilaya nzima naye akiwa kiti cha mbele, linafanya kazi ambayo nyimbo mia za kumwonya mchoma mkaa hazitaifanya.

Nimebakiza jambo moja, na ni deni la sanaa yenyewe. Sanaa yetu haisimami nje ya mazingira ikiyaonea huruma. Kinyago cha Kimakonde kimetoka kwenye mpingo, mti ambao hukadiriwa kuhitaji kati ya miaka 70 na 100 kufikia kimo cha kuvunwa, na mpingo huo huo ndio unaokatwa kwenda kutengenezwa klarineti za Ulaya. Mchongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, ndiye wa kwanza kujua magogo yanatoka mbali zaidi kila mwaka, na ya kuwa yanakuja membamba. Kenya wachongaji wengi wamelazimika kuhamia kwenye mwarobaini na mwembe, miti inayokua upesi, wakajifunza upya namna patasi inavyotembea kwenye mbao laini. Wachoraji wa Tingatinga, kwa upande wao, wamejaza kuta za dunia twiga na tembo wasio na binadamu hata mmoja kando yao. Naipenda mistari yao na rangi zao, lakini mazingira yasiyo na mtu ndani yake ni mazingira ya mgeni, na mwenyeji hajioni humo.

Kilwa kuna vijiji ambavyo mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa kwamba misitu yao ya asili inavunwa kwa utaratibu, mpingo ukiwemo. Walihesabu miti yao, wakapanga mingapi ikatwe, na mapato ya mauzo yakaingia kijijini. Kinyago kilichotoka kwenye gogo la msitu huo na kinyago kilichotoka kwenye gogo la wizi vinakaa kwenye meza moja sokoni, vinang’aa sawa, na mnunuzi hana namna ya kuvitofautisha. Mchongaji anaweza kumwambia. Anaweza kumtajia kijiji, mwaka wa kukatwa na mtu aliyepiga muhuri kwenye gogo, kama fundi wa Lamu anavyoweza kukutajia kila ubao wa jahazi lake ulikotoka. Wateja wachache wakianza kuuliza, na wachongaji wa meza za jirani wakasikia wanavyouliza, meza zote zitaanza kujibu.